Mrejesho: shafti ya msumeno wa mbao, Mafinga

Wakuu habari za jioni. Niliuliza chuma gani cha shafti ya msumeno wa mbao, kisipinde kama chuma laini ila lethi (mashine ya kuchonga chuma) ya mtaani bado ikikate. Wengine mlisema EN8 (chuma cha kaboni ya wastani), wengine EN24 (chuma cha aloi) nichonge kwanza halafu nikachome kwa moto ili kikaze, mimi nikaenda na EN19T, yaani chuma cha aloi ambacho Wamarekani wanakiita 4140, kilichotoka kiwandani kimeshakazwa, nguvu ya kuhimili kuvutwa 850 mpaka 1000 MPa, hakuna kuchoma tena, maana shafti ndefu ukiichoma baada ya kuchonga inapinda na wa kuinyoosha huku Nyanda za Juu utamtafuta sana.

Fundi wa Mwanjelwa alinuna kidogo kuiona, kisu chake cha kawaida kikawa kinaisha makali haraka, tukaweka cha kabaidi, kigumu zaidi, spidi akashusha, mabaki yakaanza kutoka yamejikunja rangi ya bluu, safi kabisa. Mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti) nikamwambia pembe za chini aziache na mviringo kidogo, ufa huwa unaanzia hapo. Aliyesema nichomelee kola (pete ya chuma) kwa welding, hapana mkuu, chuma hiki bila kukipasha moto kwanza kinapasuka pembeni ya weldi.

Saa hizi inapasua misindano, beringi hazichemki. Bei yake sasa, tusiongelee.