Naomba ushauri: ufuatiliaji wa maji katika mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi

Fundi Visima
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi wa maji hapa Dar es Salaam, nimezoea kuchimba visima na kufunga pampu Kigamboni na Mbagala. Mkandarasi wangu amepata kazi ya kutoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe huko Nyanda za Juu Kusini, nami nimeagizwa niandae mpango wa ufuatiliaji kabla hatujasafiri. Kupima kina cha maji na kuchagua pampu hakunipi shida. Kinachonitatiza ni kwamba kisimani maji ndiyo tunayoyatafuta, ilhali huko yatakuwa juu ya vichwa vya watu walio kazini. Nipime nini, kila baada ya muda gani, na ni dalili zipi zikionekana watu watolewe bila kungoja kibali cha ofisini?

Mzee wa Makaa
Kijana wangu, kabla ya kununua kipimo chochote, dai ramani. Maji yanayodondoka kutoka paani ni kero. Yanayoua ni yale yaliyotuama katika mahandaki ya zamani. Mwaka 2002, katika mgodi wa Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji walitoboa ukuta wa mgodi jirani uliokuwa umefungwa, kwa kuwa ramani waliyoitegemea haikuonyesha ulikoishia. Watu 9 walinaswa chini kwa zaidi ya siku tatu ndipo wakaokolewa, na hiyo ni bahati ambayo wengi hawaipati.

Kila mita 10 za kimo cha maji zinaleta mgandamizo wa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo), kwa hiyo handaki lililojaa hadi mita 60 juu yenu linasukuma ukuta wa makaa kwa bar 6. Penye shaka hutobolewa tundu refu mbele ya machimbo, likipitia bomba lililoshikizwa kwa saruji na kufungwa vali, ili maji yakitokea yazuiwe papo hapo. Ukiona makaa yaliyokuwa makavu yanatoa jasho, au ukisikia harufu ya yai viza, watu watoke kwanza, maswali baadaye. Harufu hiyo ni ya gesi yenye sumu, na pua huizoea upesi ukadhani imekwisha.

Mtafiti wa Maji Ardhini
Naongezea upande wa vipimo. Katika mfereji wa kila eneo weka kibao chenye mkato wa pembe tatu wa nyuzi 90. Maji yakipita kwa kimo cha sentimita 10 juu ya ncha ya chini ya mkato, mtiririko ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika sentimita 20 ni karibu lita 25, yaani kimo kikiongezeka maradufu mtiririko unakaribia mara sita. Usisomee kimo kwenye mkato wenyewe, kwani hapo maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma, upande maji yanakotoka, kiasi cha mara nne ya kimo, na uondoe vumbi la makaa linalojaa nyuma ya kibao, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Soma kila zamu, ukiandika na mvua ya siku hiyo juu ya ardhi. Mtiririko unaopanda siku chache baada ya mvua huashiria nyufa zinazofika juu, na njia hiyo si ya kupuuzwa: mvua kubwa ya Machi 2008 ilijaza mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani na kuua makumi ya wachimbaji. Unaopanda bila mvua ndio wa kukunyima usingizi. Pima pia pH (kiwango cha asidi) na uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa sababu maji yaliyotuama muda mrefu mara nyingi huwa na tabia tofauti na yale mliyoyazoea, na badiliko hilo linaweza kutangulia ongezeko la mtiririko.

Umeme wa Migodini
Pampu unazofunga Kigamboni usizishushe huko. Makaa hutoa methani, gesi inayolipuka, kwa hiyo mota na swichi lazima ziwe za aina isiyoweza kuwasha gesi. Halafu fikiria umeme ukikatika: lita 25 kwa sekunde ni mita za ujazo 90 kwa saa, na kwa saa nane ni 720. Shimo la kukusanyia maji lisipomudu kiasi hicho, jenereta ya akiba si ya hiari.

Fundi Visima
Nashukuru sana, wazee wangu. Nimeambiwa maji ya huko yana rangi ya kutu. Je, yataathiri mabomba?

Mtafiti wa Maji Ardhini
Yataathiri, ndugu. Pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo kwenye makaa, ikikutana na hewa na maji hutoa asidi na chuma. Tumia mabomba ya plastiki ngumu pale mgandamizo unaporuhusu, na maji hayo yasiende mtoni moja kwa moja. Yatiwe chokaa, kisha yatulie bwawani.

Mzee wa Makaa
Na kuhusu kibali: iandikwe katika mpango wako kwamba msimamizi wa zamu ana mamlaka ya kutoa watu. Meneja autie saini mpango huo kabla hamjapanda basi.