Jumba la kale linalolindwa kisheria, bafu na waya mpya tunaingizaje?

Mgeni wa Jumba: Wakuu habari, mimi na mwenzangu tumepata jumba la zamani la ghorofa, limo kwenye orodha ya majengo ya urithi, tunataka kuishi wenyewe, sio hoteli. Tunahitaji bafu juu karibu na chumba cha kulala, na waya zibadilishwe zote maana zilizopo zinatisha. Ila kuta za chini zimelowa hadi usawa wa kiuno, fundi anasema tubandue lipu yote tupige simenti yenye dawa ya maji, wiki mbili kaisha. Aliyepitia haya anisaidie. Na hivi wanalinda ndani pia au sura ya nje tu?

Mwiko Mzee: Mzuie huyo fundi leo leo!! Kuta hizo ni za chokaa, unyevu unaingia na kutoka, ndo maana zimesimama miaka yote hiyo. Ukizivisha simenti maji yanakosa pa kutokea yanazidi kupanda, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kumega ukuta wenyewe, mimi nililipia kazi hiyo mara mbili, ya kuweka na ya kubandua. Anza na chanzo, gata imeziba? bomba linavuja? udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani? Maliza hilo ndo urudishe chokaa, na uwe mpole maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, kama milimita moja kwa mwezi. Juu yake rangi ya chokaa, ile ya plastiki inaziba vilevile.

Kibali Kwanza: Kuhusu kulinda ndani, inategemea sheria ya huko, mara nyingi ngazi, milango, dari, sakafu vyote vimo, soma karatasi ya uorodheshaji neno kwa neno. Bila kibali cha maandishi usiguse kitu, utaamriwa urudishe kama ilivyokuwa kwa hela yako. Sisi mchoro wa kwanza tuliiga uzamani ukakataliwa. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, wenyewe unataka nyongeza ijulikane ni ya sasa, tukaleta bafu kama boksi la mbao katikati ya chumba, halifiki darini, siku ukilitoa hakuna kovu, likapita.

Mgeni wa Jumba: Aisee asanteni. Na lile beseni kubwa la chuma la kujilaza, mwenzangu ndo kaling'ang'ania?

Mwiko Mzee: Lita 200 za maji ni kilo 200, bado chuma, bado nyinyi wawili 😂 Mwite injinia akague vichwa vya boriti pale vinapoingia kwenye ukuta uliolowa, huanza kuoza hapo na kwa nje huoni kitu. Halafu bafu likae juu ya jiko, bomba zishuke njia moja usitoboe nyumba nzima.

Mgeni wa Jumba: Jiko liko upande wa pili kabisa. Basi chumba cha kulala ndo kitahama, ngoja nikamwambie.