Mjadala: Bingwa wa Argentina 2025 ni nani, mwenye pointi nyingi za mwaka au mshindi wa mtoano?

MLETA MADA:
Wadau salaam. Hili la ligi ya Argentina msimu wa 2025 limenikaa rohoni muda sasa, kila nikikaa na watu wa mpira mmoja anasema klabu ya Rosario Central walistahili ubingwa waliopewa, mwingine anasema ule ni ubingwa wa mezani, basi nimeona nililete tujadiliane.

Kwa ambao hawakufuatilia, ligi ina timu 30, makundi mawili ya timu 15, na mwaka mmoja unachezwa mara mbili, Apertura halafu Clausura, kila kundi zinapita timu 8 zinaingia mtoano wa mechi moja moja mpaka fainali. Yaani mabingwa wawili kwa mwaka. Apertura walibeba Platense, tarehe 1 Juni walimfunga Huracán 1-0 pale Santiago del Estero, klabu imeanzishwa 1905 na ndo kwanza inachukua ubingwa wa ligi kuu, tena njiani waliwatoa Racing, River na San Lorenzo na zote walicheza ugenini. Hapo mimi sina neno, navua kofia.

Sasa tarehe 20 Novemba, mechi za makundi za Clausura zimeisha, mtoano ndo unataka kuanza, viongozi wanakaa kikao wanatoka na ubingwa wa tatu ambao mwanzo wa msimu haukuwepo, wanauita bingwa wa ligi, anapewa aliyeongoza msimamo wa mwaka mzima, na huyo ni Rosario Central ya Di María, pointi 66 kwa mechi 32. Klabu ya Estudiantes wakatoa taarifa kwamba kwenye kikao hakuna kura iliyopigwa. Siku tatu baadaye wakaenda Rosario kwenye mtoano, wakatakiwa kujipanga mistari miwili kumpigia makofi bingwa, wakajipanga kweli, ila Central wanaingia uwanjani wao wakageuza migongo. Mechi wakashinda 1-0, Central akatolewa nyumbani kwake. Baadaye rais wa Estudiantes, Verón, akafungiwa miezi 6 na wachezaji wao wakapigwa mechi 2 kila mmoja.

Msimamo wangu ni huu. Pointi 66 ni jasho la Central na hakuna anayeweza kuwanyang'anya, lakini kombe linatakiwa litangazwe kabla mpira haujaanza kuchezwa. Boca alimaliza wa pili kwa pointi 62, pengo la pointi 4 tu, na mwaka mzima hakuna aliyemwambia kwamba pale juu kuna kombe. Angejua angepanga kikosi vilevile? Mi nadhani hapana.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu umeongea vizuri ila nakupinga. Ligi ni mechi nyingi, mtoano ni siku moja tu mtu akiamka vibaya ameisha. Hao Estudiantes waliingia mtoano wakiwa wa 8 kwenye kundi, nafasi ya mwisho kabisa, na tarehe 13 Desemba wakawa mabingwa wa Clausura kwa penati mbele ya Racing, tena mchezaji wao Carrillo alisawazisha dakika za majeruhi. Nawapongeza, lakini aliyekuwa bora mwaka mzima arudi nyumbani mikono mitupu? Kosa lilikuwa kutokuwa na hilo kombe tangu mwanzo, walichofanya ni kurekebisha.

MCHANGIAJI WA PILI:
Nyote mnaangalia juu, mi nawaambia muangalie chini kwenye kushuka daraja, huko ndo watu wanaumia. Mwaka 2024 msimu uko katikati wakafuta kushuka daraja, hakushuka mtu huku wengine wakapanda, ndo maana 2025 tukawa na timu 30. Halafu kuna ule wastani wa pointi za misimu mitatu unaotumika kuamua nani ashuke. 1983 River alimaliza wa pili kutoka mwisho na akabaki kwa sababu ya wastani, 2011 wastani huohuo ukampeleka mechi za mchujo na Belgrano wakamshusha. Tigre 2019 alimfunga Boca 2-0 fainali akabeba kombe akiwa ameshashuka. Patronato 2022 vilevile, kashuka halafu kachukua Copa Argentina, kombe la mtoano la nchi, mwaka uliofuata yuko Libertadores, ile michuano ya klabu ya Amerika Kusini, huku anacheza daraja la pili! Shabiki wa Paraná, mji wa Patronato, unamwelezaje hiyo akaelewa?

MLETA MADA:
Mchangiaji wa pili umenigusa aisee, hiyo ya Patronato inauma. Ila angalia, wastani pamoja na ubaya wake wote kila timu inaujua kabla ya msimu, unalia lakini ulijua. Ile ya 2024 na hii ya Novemba ni kitu kimoja, sheria inabadilishwa watu wakiwa uwanjani na tayari inajulikana nani anafaidika na nani anaumia. Hapo ndo ninapokataa.

Na wewe mchangiaji wa kwanza, mi nakubali kabisa aliyeongoza mwaka mzima apewe kombe, lianze Januari, liandikwe, kila mtu aligombee. Lakini nijibu hili kwa moyo mweupe, ile tarehe 20 Novemba kama anayeongoza msimamo angekuwa mpinzani wako mkubwa, ungeita kurekebisha?