Naomba ushauri: namna ya kujitambulisha kwa Kiukraini kwa muda mfupi

Mgeni_Berlin:
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Berlin na ninafanya kazi ya uuguzi hospitalini. Mwishoni mwa mwezi huu nitakutana na mtu mzima ninayemheshimu sana, raia wa Ukraini asiyejua Kijerumani wala Kiingereza, nami ningependa kujitambulisha kwake kwa lugha yake mwenyewe. Kwa sasa ninajua kusema "Privet, menya zovut" na kutaja jina langu, na nimetayarisha hotuba ya ukurasa mmoja kwa msaada wa programu ya kutafsiri, ambayo nimeanza kuikariri. Swali langu ni moja tu: nikiikariri vizuri, nitaeleweka? Naomba wanaoijua lugha hiyo wanisaidie, kwa kuwa hata usingizi siupati.

Tabibu_wa_Ziwa:
Mkuu, mimi nilisomea udaktari Vinnytsia hadi vita vilipoanza tarehe 24 Februari 2022, tukatoka kwa kuvuka mpaka kuingia Siret, Romania. Masomo yetu yalikuwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wodini hawakuwa na habari na Kiingereza chetu, kwa hiyo kujitambulisha nilijifunzia kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwanza kabisa, hicho ulichoandika ni Kirusi. Kwa Kiukraini utasema "Mene zvaty", kisha jina lako, na mbele ya mtu mzima utaanza na "Dobryi den", kwa maana "Pryvit" ni salamu ya marafiki na watu wa rika moja. Angalia pia kwamba mkazo wa "mene" uko mwishoni, ilhali ulimi wa Mswahili hukimbilia silabi ya kabla ya mwisho. Sasa tuambie, mtu huyo ni nani kwako? Mengine yote yanategemea jibu hilo.

Nahodha_wa_Paje:
Kosa hilo la Kirusi sisi waongoza watalii wa Unguja tumelifanya sana. Vita vilipoanza, mamia ya wageni kutoka Ukraini walikwama hapa visiwani, na asubuhi moja nikamkaribisha mama mmoja wa Kyiv kwa "Menya zovut" yangu ya siku zote, nikitabasamu. Alisimama na mguu mmoja ndani ya maji, akanitazama, kisha akatamka taratibu: "Mene zvaty." Nikarudia, akatikisa kichwa, nikarudia tena, akatikisa kichwa, abiria wengine wakiwa wameshakaa wakitungoja. Hakupanda mashua mpaka nilipopatia. Nauli alilipa na bakhshishi juu.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Mwanangu, mtu mzima anayekukosesha usingizi namna hiyo si mwalimu wala bosi. Huyo ni mkwe. Na kama ni mkwe, basi yupo binti, na kama yupo binti, kwa nini usimwulize yeye badala ya kuja kutuuliza sisi? Halafu nanyi mnaojua, shikamoo yao ni ipi?

Mgeni_Berlin:
Shikamoo, Bi Mkubwa. Ni kweli, ni mama wa mchumba wangu, na anakuja kwa basi kutoka Ternopil. Sikulitaja hilo kwa sababu sikuona kama linahusiana na sarufi. Mchumba wangu tunaongea naye Kijerumani, na sitaki kumwuliza kwa kuwa nimekusudia kumshtukiza. Kuhusu hotuba, nusu yake imeshakaa kichwani, na kuiacha sasa ni kupoteza kazi niliyokwisha kuifanya.

Mzee_Kifimbo:
Zamani kijana hakujitambulisha mwenyewe ukweni. Alitumwa mshenga, mtu mwenye maneno na mvi zake, naye kijana akabaki nyumbani akisubiri majibu. Leo mnatuma programu ya simu. Sishangai kwamba usingizi hauji.

Tabibu_wa_Ziwa:
Bi Mkubwa, shikamoo hawana. Heshima yao iko katika kuchagua "Vy", yaani "wewe" ya heshima, badala ya "ty", "wewe" ya kawaida, unapomsemesha mtu, na katika namna ya kumwita. Tuseme mama huyo anaitwa Halyna: hutasema "pani Halyna" unapomwita, bali "pani Halyno", kwa sababu jina hubadilika mwisho wake pale unapomwelekea mwenye jina. Herufi ya kwanza ya jina hilo isikupeleke kwenye "Galina", kwa kuwa hiyo nayo ni ya Kirusi, na Ternopil iko magharibi ya nchi, ambako Kiukraini ndicho lugha ya nyumbani. Umri nao una mitego yake: mwenye miaka 31 husema "trydtsiat odyn rik", wa 32 husema "roky", na wa 35 husema "rokiv". Ukimpelekea maua, idadi yake isigawanyike kwa mbili, kwani maua ya idadi shufwa ni ya mazishi. Ila shida yako, mkuu, haiko katika utakachosema wewe. Ukimporomoshea ukurasa mzima bila kukwama, naye atakujibu kwa ukurasa mzima, na hapo utafanyaje?

Hakimu_wa_Mtaa:
Mniwie radhi, lakini mimi naona uzi huu ni chai. Mtu amechumbia binti wa Ternopil, na bado anakuja hapa na "Menya zovut" kana kwamba hajawahi kumsikia akiongea na mama yake kwenye simu. Tena anasema anataka kumshtukiza mchumba, jambo la furaha, huku akilalamika kwamba hapati usingizi. Furaha gani hiyo ya kumkosesha mtu usingizi? Ama hakuna mchumba, ama kuna jambo limefichwa.

Nahodha_wa_Paje:
Hata mimi nilijiuliza kuhusu huo usingizi.

Mzee_Kifimbo:
Wasimamizi waufunge. Jukwaa hili lilikuwa na heshima yake.

Mgeni_Berlin:
Si chai. Mama huyo tunaandikiana kwenye Viber, na kila alfajiri hunitumia picha ya mawaridi yanayometameta yenye maandishi ya "Dobroho ranku". Mimi humjibu kwa kutumia programu ya kutafsiri. Siku moja aliniuliza nimejifunza wapi kuandika vizuri hivyo, nikamjibu kwamba nasoma darasani tangu mwaka jana. Binti yake hajui kwamba nilisema hivyo. "Menya zovut" niliitoa kwenye video ya watalii, kwa sababu mchumba wangu akiongea na mama yake huenda mbio mno, sishiki hata neno. Sioni kama nilifanya vibaya sana. Nilimfurahisha, na darasa nilikuwa na nia nalo kweli.

Mzee_Kifimbo:
Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako inaishia kituo cha mabasi.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Mwambie binti leo, kabla mama yake hajapanda basi. Mkwe atakusamehe, mke ukimwaibisha mbele ya mama yake, shauri yako.

Tabibu_wa_Ziwa:
Hakimu, mimi namwamini. Mama mwenye nyumba wangu kule Vinnytsia alinitumia mawaridi hayo hayo, na mtu hawezi kuyabuni kama hajaamshwa nayo. Mkuu, mfuate Bi Mkubwa kuhusu binti. Kwa mama mwenyewe, sema sentensi chache, kisha ongeza "Ya shche vchu ukrainsku", yaani bado unajifunza Kiukraini, ambayo ni kweli tupu. Akienda mbio, mwombe "Povilnishe, bud laska", naye atapunguza mwendo. Hebu andika hapa utakachosema, bila kuifungua hiyo programu.

Mgeni_Berlin:
"Dobryi den, pani Halyno. Mene zvaty", kisha jina langu. "Ya z Tanzanii. Meni trydtsiat odyn rik. Ya zhyvu v Berlin, pratsiuiu v likarnia. Ya shche vchu ukrainsku. Duzhe pryiemno."

Hakimu_wa_Mtaa:
Kumbe anaweza. Chai yangu naiondoa mezani kwa muda.

Tabibu_wa_Ziwa:
Umebakiza makosa mawili tu. Sema "v Berlini" na "v likarni", ukimalizia kwa "ni" kama unavyosema mjini na hospitalini. Ni bahati ya Waswahili kwa maneno hayo, usiitegemee kila mahali, maana ukifika Lviv itakubidi useme "u Lvovi".

Mgeni_Berlin:
Nimerekebisha, na binti nitamwambia jioni hii akitoka kazini. Naomba tu kuuliza: ile hotuba, siwezi kubakiza walau aya ya mwisho, inayohusu mahari?

Tabibu_wa_Ziwa:
Hapana, mkuu. Ifute yote.