Mafua yasiyoisha tangu Februari, niko karibu na Delhi. Naombeni ushauri

BintiMuheza

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili chuoni Greater Noida, pembeni mwa Delhi, na naandika hapa kwa sababu nimechoka na sijui tena nimuulize nani.

Tangu wiki ya pili ya Februari nina mafua yasiyoisha. Nikiamka tu napiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo, mpaka mbavu zinauma. Makamasi ni mepesi kama maji. Macho yanawasha, na kaakaa linawasha kule juu ambako huwezi kujikuna. Homa sina. Kwetu Muheza nimekulia kwenye michungwa na sikuwahi kuugua hivi. Mwaka jana hapa hapa nilipata mafua mwezi wa tatu, madogo tu, nikayapuuza.

Nilianza na Piriton, ikawa inanilaza darasani. Nikanunua matone ya kufungua pua. Yalinisaidia sana, nikashukuru Mungu. Sasa ni wiki ya sita, na pua inaziba vibaya kuliko mwanzo. Nayatia mara sita kwa siku na usiku naamka kuyatafuta. Nikiyakosa naona kama nakata pumzi.

Mtihani ni Mei. Mama ananiambia nirudi nyumbani, na kila nikimpigia anasikia pua imeziba anaanza kulia. Nje ya dirisha langu kuna mwarobaini umeanza kutoa maua. Nashuku ule mti. Nimemwomba mwenye nyumba akate tawi la upande wangu, amekataa.

Je, hii ni aleji? Na hayo matone niendelee nayo?

Fundi_Dozi

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mfamasia, nilisomea Pune miaka minne. Naanza na chupa kwa sababu ndiyo inayokuumiza zaidi sasa hivi.

Soma jina la dawa kwenye lebo. Ukikuta zailometazolini au oksimetazolini, hiyo ni dawa ya siku 3 hadi 5, basi. Inabana mishipa ya damu ndani ya pua ili njia ifunguke. Ukiitumia kwa wiki nyingi, mishipa inaizoea, na kila dawa inapoisha nguvu inavimba zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo sasa una matatizo mawili: aleji iliyokuja na msimu, na kuziba kunakoletwa na chupa yenyewe. Wengi huamini ugonjwa umezidi, wakaongeza matone. Si kosa lako. Chupa hizi huuzwa bila mtu kukueleza neno.

Muone daktari akuandikie dawa ya kupuliza puani ya aina ya flutikasoni au mometasoni. Hii haifungui pua papo hapo, na hapo ndipo watu huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Ipe hadi wiki mbili, kila siku, hata siku ambayo unajisikia vizuri. Unavyopuliza: inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee upande wa shavu na si kwenye ukuta wa katikati. Ukipuliza ukutani utatoka damu. Usivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni.

Kuacha matone, wengine huacha tundu moja kwanza huku wakitumia ya kupuliza, wiki inayofuata wanaacha la pili. Siku chache za mwanzo ni ngumu. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili.

Badala ya Piriton uliza setirizini unywe usiku, au feksofenadini, ambayo hailazi wengi. Ukiandikiwa kidonge chenye montelukasti ndani yake, ambacho India hutolewa sana kwa mafua haya, mwambie daktari kama una historia ya huzuni au kukosa usingizi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu yake kwa sababu ya ndoto mbaya na mabadiliko ya hisia na tabia. Mtu mwenye mtihani anahitaji kulijua hilo.

Fedha ikibana, tafuta duka la Jan Aushadhi. Ni mpango wa serikali yao, dawa ni zile zile kwa jina la kitaalamu na bei iko chini sana.

Mwana_Marigat

Pole dadangu. Mimi ni wa Baringo, Kenya, niliishi Delhi miaka mitatu. Huo mwarobaini usiulaumu haraka. Maua yenye harufu unayoyaona, mengi hubebewa chavua na nyuki. Inayoingia puani kwa wingi ni ile nyepesi inayopeperushwa na upepo, na mti wake unaweza kuwa mbali hata huujui.

Delhi miti humwaga chavua kuanzia Februari mpaka Aprili hivi. Halafu nyasi na magugu hurudi kuelekea mwisho wa masika yao na baada yake, Agosti mpaka Oktoba. Uliza wenyeji habari za papri, mti mkubwa ambao mbegu zake ni kama visarafu vyembamba vya kijani. Huo huleta shida nyingi mwezi wa tatu.

Na kuna mwingine ulionishangaza. Siku ya kwanza kutembea kwenye vilima vya msitu wa Delhi niliona mathenge, ule mti wa miiba! Ule ule uliotuletea balaa Baringo, mbuzi wakaharibika meno kwa kula maganda yake. Pale wanauita vilayati kikar, yaani kikar (mgunga) ya ugenini, na hilo neno vilayati ni ndugu wa neno letu Ulaya. Chavua yake inajulikana kwa kuleta aleji. Nilikuwa nikipita kule Jumapili, Jumatatu macho yamevimba.

Mama_Wawili

Binti, pole mwanangu. Nimekaa huko miaka sita na watoto wadogo. Nakuuliza: chumba unakipoozaje? Una kiyoyozi, au lile boksi la feni lenye maji na nyasi pembeni?

BintiMuheza

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Chupa ni zailometazolini, Fundi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni ya siku tano.

Mama, nina lile la maji. Nimeanza kuliwasha wiki hii, joto limeanza.

Mama_Wawili

Nilijua. Hilo boksi linavuta hewa ya nje, linaipitisha kwenye nyasi zilizolowa na kukupulizia usoni usiku kucha. Linahitaji dirisha wazi ili lifanye kazi, kwa hiyo huwezi kufunga chavua nje. Na zile nyasi, zikikaa tangu mwaka jana, zinaota ukungu. Nunua nyasi mpya, ni bei ndogo, osha tangi, badilisha maji mara kwa mara, na lisielekee kitandani. Ukiweza kuchangia kiyoyozi na mwenzako kwa miezi hii, bora zaidi.

Asubuhi usifungue dirisha. Usikubali chumba kufagiliwa kwa ufagio mkavu ukiwa ndani, sema pochha, wataelewa, ni kudeki kwa kitambaa kibichi. Ukitoka nje vaa miwani na barakoa inayobana vizuri. Ukirudi, nguo ulizotoka nazo zisifike kitandani, na nywele zioshe kabla ya kulala. Wewe binti huenda umesuka. Rasta zinakaa na vumbi la siku nzima, basi zifunge kitambaa unapotoka. Nguo usianike juu ya paa mwezi huu, zianike ndani.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana. Wenyeji wana kibirika chake, wanaita neti. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji. Lakini maji YACHEMSHWE kwanza, yapoe. Ya bomba kamwe. Kuna kijidudu adimu cha majini ambacho kikiingia kwa njia ya pua hufika kwenye ubongo na huua.

Mlima_Meru

Nipo Bengaluru. Kwa wanaosoma wakiwa kusini: huku adui ni gugu karoti. Wakulima wa Arusha wanalijua. Kihindi wanaliita gajar ghas, na gajar ni karoti, yaani jina ni lile lile! Lilianza kuonekana Pune miaka ya 1950, sasa liko kila kiwanja kitupu. Kwangu linaleta chafya na vipele vya shingo na mikono. Usiling'oe kwa mikono mitupu.

Rafiki yangu alichomwa sindano ya steroidi ya aleji mtaani, akapona wiki mbili, akarudi kuchomwa tena na tena. Tafadhali msifanye hivyo.

Fundi_Dozi

Namuunga mkono. Na Binti, hujasema kuhusu kifua. Usiku unakohoa? Ukipanda ngazi unasikia kifua kinatoa mluzi? Mafua ya aleji na pumu mara nyingi huenda pamoja, na hewa ya Delhi haisamehe, hasa Oktoba na Novemba ambapo moshi wa mabua ya mpunga kutoka Punjab na Haryana unakutana na fataki za Diwali. Ukiwa unashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo inabadilika rangi, usisubiri asubuhi. Piga 112.

Kuhusu kipimo cha ngozi cha kujua aleji ya nini: ni lazima uache vidonge vya aleji karibu wiki moja kabla, la sivyo majibu yanapotosha. Ile tiba ya kuzoesha mwili kwa sindano huchukua miaka 3 hadi 5, kwa hiyo kama unamaliza masomo mwakani, fikiria utaiendeleza wapi kabla hujalipa.

BintiMuheza

Wapendwa, ni siku ya 19 leo. Nilienda kwa daktari, akathibitisha ni aleji, kifua amesikiliza kiko salama. Nikapewa ya kupuliza na feksofenadini. Tundu la kulia niliacha matone siku ile ile. Usiku wa pili na wa tatu nililia, kusema kweli, nikakaa kitandani nimeegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Siku ya nane nikaamka asubuhi nikagundua sikuamka usiku. La kushoto nikaliacha wiki iliyofuata, halikusumbua sana.

Nyasi za lile boksi nilizitoa zikiwa nyeusi. Chafya bado zipo asubuhi, tatu au nne. Mwarobaini umejaa maua na nalala vizuri chini yake, nimemwomba radhi mwenye nyumba.

Mama nimempigia jana. Aliuliza kwanza kama ni mimi kweli, maana alikuwa amezoea sauti ya puani.

Kipimo cha ngozi nitafanya baada ya mtihani, kule Vallabhbhai Patel Chest Institute, taasisi ya magonjwa ya kifua ya Delhi, ili wiki ya kuacha vidonge isiniangukie kwenye karatasi. Majibu nitayaleta hapa hapa. Mwana_Marigat, nataka sana kujua kama ni mathenge.