Ukoo wa Babu Moshi: sikio la Baraka

Mama Baraka: Shikamooni wakubwa. Tumerudi kutoka hospitali ya KCMC. Kile kigamba cha sikioni kwa Baraka kimechomwa kwa baridi kali. Daktari anasema kimeletwa na jua, bado si saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka.

Anko Joseph: Asante Mungu. Lakini mbona mtoto havui kofia?

Mama Baraka: Anavaa kapelo, kaka. Inafunika paji la uso tu, masikio na shingo vinabaki juani. Sikulijua hilo. Kigamba chenyewe kidogo kama punje ya mchele, ukipitisha kidole kinakwaruza. Mwenye ualbino kama yeye, ngozi yake haina melanini, ile rangi ya ngozi, ya kutosha kumkinga, na jua la miaka yote linajilimbikiza. Sasa ni kofia pana, mikono mirefu na Kilisun, ile losheni inayotengenezwa hapahapa Moshi. Nawaomba, akija kwenu likizo asiachwe mpirani saa sita mchana. Hata kukiwa na mawingu.

Anko Joseph: Kwa hiyo sisi weusi tumesalimika?

Neema: Shikamoo anko. Jua halituumizi kama wao, lakini saratani hiyohiyo ya ngozi inatupata sana kwenye kidonda cha miaka na kovu la moto. Na kinga ikishuka, kwa mfano kwa mwenye VVU au aliyepandikizwa figo, hatari inapanda.

Shangazi Anna: Kovu la moto? Langu la mguuni, la uji wa 1987, limefunguka katikati tangu Pasaka. Napaka asali.

Neema: Shangazi! Miezi minne? Kingo zikoje?

Shangazi Anna: Zimenyanyuka, ngumu kama ukoko wa wali. Khanga ikigusa tu, damu. Na harufu ipo, mwanangu.

Neema: Inaweza isiwe saratani, shangazi. Lakini lazima wakate kinyama kidogo pale kwenye kingo wakapime. Kwa macho haijulikani.

Shangazi Anna: Niliogopa watanikata mguu. Ndiyo maana nikanyamaza.

Neema: Kikiwahiwa, mara nyingi wanatoa kidonda chenyewe tu. Kuchelewa ndiko kunakokula mguu.

Anko Joseph: Dada, kesho saa moja asubuhi niko mlangoni kwako na bajaji. Beba kadi ya bima.

Shangazi Anna: Ilishaisha muda.

Mama Baraka: Tuchange basi. Mimi naanza na 20,000.

Anko Joseph: 30,000 yangu. Neema, utatusubiri getini KCMC?

Neema: Saa mbili kamili niko hapo. Shangazi, usikifunge na asali asubuhi, wakione kilivyo.