Tulilipia ziara ya mvinyo na vyakula vya wakulima wa Nakuru, mama wa mursik, maziwa ya kibuyu ya Wakalenjin, akatusubiri hadi usiku na hatukufika

Wadau, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Nimelibeba jambo hili kifuani tangu Jumamosi ya juzi na kila nikijaribu kulala linaniamsha. Wasimamizi, msiufute tafadhali. Jina la kampuni sijaliandika kwa sababu nakusanya vielelezo vya kesi na sitaki wapate mwanya wa kuniambia nimewachafulia jina.

Tangazo lilikuwa hivi: ziara ya siku moja kutoka Nakuru mjini, watu 8 pekee, shilingi 6,500 kwa kila mtu. Asubuhi tungekwenda shamba la mizabibu upande wa Naivasha, tutembee kati ya mistari ya zabibu, tuonyeshwe mapipa, tuonje mvinyo aina nne tukiwa na mtu wa shambani wa kutueleza. Mchana tungepita Gilgil kwa mtengenezaji mdogo wa jibini. Jioni tungemalizia Rongai, hii ya Nakuru, kwa mama mmoja anayetengeneza mursik nyumbani, tule ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji kwake. Picha ya huyo mama ilikuwa katikati ya tangazo, ameshika kibuyu, anatabasamu. Mnaweza kuamini, picha hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe.

Nililipa 13,000, mimi na mamangu. Mamangu ana miaka 63 na hajawahi kwenda matembezi ya kulipia maishani mwake. Mimi mwenyewe nina mizabibu kumi na mmoja nyumbani Lanet, niliipanda kutoka vipandikizi miaka mitatu iliyopita, na inanisumbua. Inatoa majani mengi na zabibu chache. Sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, hatuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ufaransa. Hapa mti hauna siku ya kupumzika. Anayeamua lini uchipue na lini uzae ni mwenye mkasi, na ndiyo maana mahali kama Naivasha mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka akijua kupogoa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mchana kuna jua na usiku kuna baridi, na ule ubaridi wa usiku ndio unaozuia zabibu isipoteze ukali wake ikabaki sukari tupu. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimeandika maswali tisa ya kumuuliza mtu anayepogoa: nikate jicho la ngapi, nikate mvua ikikaribia au ikiisha, matawi ya zamani niyaache mangapi. Niliisubiri siku hiyo kwa mwezi mzima.

Tuliambiwa tukutane saa moja kamili asubuhi. Gari lilifika saa mbili na dakika ishirini. Halikuwa gari la watu wanane, lilikuwa basi dogo, na tulipoketi sote tulikuwa 23. Nilimuuliza yule kijana mwelekezi, akasema "mahitaji yamekuwa mengi, dada, tumeona tusiwanyime wengine." Hapo ndipo ningeshuka. Mamangu alikuwa ameshakaa dirishani na mkoba wake mapajani, sikuwa na moyo wa kumshusha.

Kikopey tulisimama. Kila mtu wa huku anajua Kikopey ni nyama choma, na sina neno na wachomaji wa pale, wanafanya kazi yao vizuri. Lakini Kikopey haikuwa kwenye ratiba. Tulikaa saa mbili na nusu. Mwelekezi na dereva walipewa sahani yao upande wa nyuma bila kulipa, niliona kwa macho yangu, sisi tukalipia yetu kutoka mfukoni. Anayetaka kula Kikopey anapanda matatu asubuhi yoyote ile. Saa mbili na nusu za siku yangu ziliuzwa kwa sahani ya mbavu.

Tukafika kwenye lango la shamba la mizabibu karibu saa saba mchana. Mlinzi akatoka na kitabu chake, akatafuta, akarudi kwetu kwa heshima kabisa. "Dada, leo hakuna mgeni yeyote aliyeandikishwa. Hapa watu huja kwa miadi." Mwelekezi akasogea pembeni na simu sikioni, akazungumza na mtu kwa dakika kama kumi, akarudi akasema kuna "hitilafu kidogo ya mawasiliano" na kwamba tutaonjea nje. Shamba lenyewe silaumu hata kidogo. Hawakujua kama tupo duniani. Hakuna aliyewapigia simu, hakuna aliyewalipa, na jina la eneo lao lilikuwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa.

Sasa sikilizeni kuonja kwenyewe. Mwelekezi alifungua buti akatoa katoni. Chupa tatu za mvinyo mwekundu, zilizokaa ndani ya buti kwenye jua tangu asubuhi, na vikombe vya plastiki vile vya kunywea maji matangani. Watu 23, chupa tatu. Nilipopokea changu kilikuwa cha vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Niliichukua chupa nikaigeuza. Lebo ilisema Western Cape, Afrika Kusini. Shingoni kulikuwa bado na kibandiko cha bei ya duka, amekikwangua nusu kwa kucha, tarakimu mbili za mwisho zinasomeka. Tumetoka Nakuru kuja Naivasha kwenye udongo wa volkano unaootesha zabibu zetu wenyewe, tukasimama nje ya ua, tukanyweshwa mvinyo wa Afrika Kusini ulionunuliwa dukani. Kisha akatuomba tusimame na vikombe vyetu, mizabibu ionekane nyuma, atupige picha. Picha hizo amekwisha ziweka kwenye ukurasa wao kutangaza ziara ya mwezi ujao. Sura ya mamangu imo humo. Hakuombwa ruhusa.

Maswali yangu tisa yako vile vile kwenye daftari.

Kuhusu jibini sitaandika mengi. Hatukufika kwa mtengenezaji yeyote. Tulisimama kwenye duka kando ya barabara kuu, tukapewa vipande vidogo kwenye vijiti, na binti wa duka alipoulizwa maziwa yanagandishwaje akasema ukweli wake, kwamba yeye huuza tu na jibini huletwa na gari. Tukaondoka pale saa kumi na moja kasoro.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kwa hiyo someni taratibu.

Siku tatu kabla ya safari tulikuwa tumewekwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Nambari ya mama wa Rongai ilikuwamo pia, aliongezwa ili aelekeze njia. Saa kumi na moja na dakika tano, tukiwa bado upande wa Gilgil, aliandika: "Wanangu mko wapi, ugali nisonge saa ngapi?" Kimya. Mwelekezi alikuwa ameketi viti viwili mbele yangu na simu mkononi. Saa kumi na mbili mama akaandika tena kwamba giza linakaribia na barabara ya kuingia kwake ina matope, atamtuma kijana wake asimame njia panda na tochi. Nikaenda mbele nikamwambia mwelekezi, mjibu mama wa watu. Akasema muda umekwisha, Rongai haiwezekani tena, "atatuelewa." Dakika chache baadaye nikaona kwenye kikundi: nambari ya mama imeondolewa. Hakumjibu. Alimtoa.

Tulishushwa mjini Nakuru saa moja na robo usiku. Nilikuwa nimeinakili nambari yake. Nilimpigia nikiwa bado nimesimama kando ya barabara na mamangu amenishika mkono. Kijana wake alikuwa bado njia panda.

Jumapili ya wiki iliyofuata tulipanda matatu hadi Rongai, mimi na mamangu, tukamalizia kwa bodaboda. Mama alitupokea kama aliotuzaa mwenyewe. Alituonyesha vibuyu sita vilivyopangwa ukutani, kila kimoja na kifuniko chake cha ngozi. Kwa wasioijua kazi hii: kibuyu, Wakalenjin wanakiita sotet, kinasuguliwa ndani kwa kaa la kijiti cha mti wa senetwet uliochomwa, kwa brashi ndefu ya sosiot, hadi kuta za ndani zipate weusi. Lile kaa ndilo linaloyapa maziwa harufu ya moshi na zile chembe za kijivu, na ndilo linaloyasaidia yakae. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakatiwa humo, yakafunikwa na kuachwa siku kadhaa, na ukikosea kusafisha kibuyu yote yanaharibika. Hiki ndicho kinywaji wanachopewa wanariadha wetu wakitua na medali. Mama alikuwa ameanza maandalizi siku kumi kabla yetu. Ng'ombe wake ni wawili. Kwa siku hizo aliacha kuuza maziwa ya jioni ili vibuyu vijae.

Alichinja kuku wawili. Alisaga wimbi upya. Aliazima viti kanisani, vinane, kwa sababu aliambiwa watu wanane. Hebu fikirieni aibu ambayo ingempata kama tungefika 23 na yeye ana viti vinane na kuku wawili. Walikuwa wamemwandalia fedheha hata kama wangefika.

Makubaliano yake na kampuni yalikuwa shilingi 500 kwa kila mgeni, alipwe siku hiyo hiyo jioni. 500 kutoka kwenye 6,500. Hakupata hata senti, na hakuna aliyempigia kumwomba radhi. Alipopiga yeye mwenyewe Jumatatu aliambiwa kwamba kwa kuwa wageni hawakula hakuna cha kulipwa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hata pesa ningesamehe. Lakini majirani waliniona nikirudisha viti." Mamangu alilia pale. Mimi sikulia, nilikasirika, na bado nimekasirika.

Hilo ndilo linalonichoma kuliko mvinyo wa vuguvugu. Ziara hizi zinauzwa kwa sura za wakulima na mikono ya akina mama. Bila kibuyu cha yule mama tangazo lao lingekuwa tangazo la basi. Wanachukua sura, wanachukua hadithi, wanachukua pesa yetu iliyotolewa kwa sababu ya sura na hadithi hiyo, na mwenye navyo anabaki na mursik wa siku kumi bila wa kuunywa. Na sisi wateja tunageuzwa vyombo vya kumdhulumia mtu bila kujua. Ningejua, nisingekaa kwenye kiti kile dakika moja.

Niliwaandikia kampuni kudai pesa zangu na malipo ya mama. Jibu la kwanza lilisema masharti yao yanaruhusu "ratiba kubadilika." La pili lilinipa punguzo la asilimia 10 kwa ziara ijayo. Nilipouliza nambari ya leseni yao kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, maana mwendesha ziara yeyote nchini anapaswa kuwa nayo, wakanifungia mawasiliano. Pesa nilizituma kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Hilo ni kosa langu na nalisema ili mwingine asilirudie.

Kwa wanaosema niachane nayo: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya taarifa, na fidia akipata hasara. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na inakataza kumwakilishia mteja huduma kwa uongo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Nimeshachukua fomu.

Ninachodai ni hiki. Kwanza mama alipwe shilingi 4,000 zake za wageni wanane, pamoja na kuombwa radhi mbele ya watu, kwenye ukurasa ule ule waliotumia picha yake. Picha yake na ya mamangu zitolewe. Pesa zangu zije baada ya hapo.

Ninachowaomba ninyi: kama ulikuwa kwenye basi lile, ulikaa nyuma na kofia ya kijani, au ninyi mliokuwa mmekuja kusherehekea harusi yenu, niandikieni faraghani. Nahitaji picha za ile lebo, mimi niliishika lakini sikuipiga. Nahitaji na picha za skrini za kikundi kabla mama hajaondolewa, zangu zinaanzia saa kumi na mbili. Na kama wewe ni mkulima, mfuga nyuki, mvuvi wa Karagita kule ziwani Naivasha, mama wa mala (maziwa ya mgando), na kuna mtu amekupiga picha akakuahidi wageni, mwombe nusu ya malipo kabla hujachinja kuku.

Ujumbe wa makubaliano ya shilingi 500 mama anao kwenye simu yake. Nimemwambia asiufute, na kijana wake ameunakili kwenye simu ya pili.